Gololi, Ubao na Saa: Namna ya Kuchunguza Mwendo na Kani kwa Mikono Yako

Sukuma kitabu juu ya meza kisha ondoa mkono. Kitateleza kidogo, kitasimama. Sukuma tena, kitasimama tena. Ukirudia mara ishirini utaanza kuamini jambo ambalo watu waliliamini kwa karibu miaka 2000, tangu enzi za Aristotle huko Ugiriki: kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na msukumo ukikoma, mwendo nao hukoma. Linaonekana wazi kabisa, wala halihitaji ushahidi. Nalo si kweli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulibaini kosa hilo mwenyewe, kwa kupima. Nimeandika hatua kwa mpangilio ambao mimi naona unafundisha vizuri zaidi, na mpangilio huo haufanani sana na ule wa vitabu vingi, ambavyo huanza na kanuni kisha vikaleta majaribio kama mapambo. Hapa jaribio linatangulia. Kanuni itakuja pale itakapohitajika kueleza kile ulichokwisha kukiona.

Andaa ubao au mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya, ule wenye sakafu bapa, urefu wa mita 2 na kidogo. Tafuta gololi mbili za kioo za ukubwa tofauti, tepu ya kupimia, rula ya sm 30, uzi, simu yenye saa ya kuanzisha na kusimamisha, na daftari. Andika kwa kalamu ya wino. Penseli hukaribisha kifutio, na kifutio ni adui wa uchunguzi: kipimo kilichokushangaza ndicho kitakachotaka kufutwa kwanza, na mara nyingi ndicho chenye habari.

Hatua ya 1: Jipime wewe kwanza

Saa ya simu huonyesha sehemu za mia za sekunde, na hapo wengi hudanganyika. Simu inajua sehemu za mia. Kidole chako hakizijui. Kabla ya kupima kitu chochote, pima kuchelewa kwako mwenyewe.

Mwombe mwenzako ashike rula wima kwa ncha ya juu, alama ya sifuri ikiwa chini. Weka kidole gumba na kidole cha shahada pande mbili za ile sifuri, bila kuigusa rula. Aiachie ghafla bila kukutahadharisha, nawe uibane mara tu unapoiona ikianza kuanguka. Soma alama iliyo kwenye vidole. Ukiidaka kwenye sm 10, umechelewa sekunde 0.14. Kwenye sm 15 ni sekunde 0.17, sm 20 ni 0.20, sm 25 ni 0.23, na sm 30 ni 0.25. Rudia mara kumi, andika zote, tafuta wastani. Watu wengi huangukia karibu na sekunde 0.2.

Namba hizo zimetoka kwenye kanuni ya kitu kinachoanguka, ambayo kwa sasa unanikopesha imani tu. Ukifika hatua ya 4 utakuwa umeipima sura ya kanuni hiyo wewe mwenyewe, na deni litakuwa limelipwa.

Liandike lile la sekunde 0.2 juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Litatusaidia kuamua mambo mengi, likiwamo pembe ya ubao wetu.

Hatua ya 2: Geuza udadisi uwe swali linalopimika

“Mwendo ni nini?” ni swali zuri la kuwaza ukiwa umelala chali. Haliwezi kujibiwa kwa gololi. Swali la uchunguzi linataja vitu viwili vyenye vipimo na kuuliza vinahusianaje. La kwetu ni hili: gololi ikiteremka umbali mara nne zaidi, muda unaongezeka mara ngapi?

Sasa andika dhanio lako, yaani jibu unalolitarajia, pamoja na sababu yake. Usiseme utaliandika baadaye. Akili ya binadamu ina tabia ya kujisahihisha kimyakimya: ikishaona matokeo, hujiambia kwamba ilijua tangu mwanzo. Dhanio lililoandikwa kabla linakunyima njia hiyo ya kutorokea. Wengi huandika kwamba umbali mara nne utachukua muda mara nne. Wengine huhisi kwamba gololi inazidi kwenda mbio, hivyo muda utapungua kidogo, labda mara tatu. Yote mawili ni madhanio halali kwa sababu yanaweza kukosolewa na saa.

Kisha panga vigeu, yaani mambo yanayoweza kubadilika. Kimoja utakibadilisha kwa makusudi: umbali. Kimoja utakipima: muda. Vingine vyote utavishika visitikisike: gololi ni ileile, ubao umeinuliwa kimo kilekile, namna ya kuachia ni ileile. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, matokeo yakibadilika hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 3: Jenga mteremko, tena uwe wa pole

Inua ncha moja ya ubao kwa sm 5 tu. Wengi huona hiyo ni kidogo mno, nao huinua hadi nusu mita ili mambo yachangamke. Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini wanakosea. Ubao wa mita 2 ukiinuliwa sm 40, gololi hupita nusu mita ya kwanza kwa muda usiofika sekunde moja. Kuchelewa kwa sekunde 0.2 hapo ni karibu robo ya kipimo chote. Huwezi kutofautisha ukweli na uzembe wa kidole. Ukiinua sm 5, nusu mita ileile huchukua karibu sekunde 2.4, na kosa lilelile linashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi.

Hii ndiyo hila aliyoitumia Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyezaliwa mwaka 1564. Alitaka kujua vitu huangukaje, lakini kitu kikidondoka kutoka kimo cha mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64, na yeye hakuwa na saa ya kushika muda huo. Akaupunguza mwanguko kwa kuulaza kwenye mteremko. Saa yake ilikuwa chombo kikubwa cha maji chenye kijibomba chembamba chini: maji yaliyotoka wakati mpira wa shaba unateremka aliyakinga na kuyapima kwenye mizani, na uzito wa maji ukawa ndio muda. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638 anasema alirudia jaribio mara mia moja kamili. Nikikumbuka kwamba simu iliyo mfukoni mwangu ni bora kuliko vyombo vyote alivyokuwa navyo, kurudia mara tano hakunichoshi.

Weka alama kwa wino kwenye mfereji: sifuri juu, kisha m 0.5, m 1.0, m 1.5 na m 2.0. Hakikisha mfereji haujapinda katikati. Ulaze jicho usawa wa ubao na uangalie kama fundi seremala anavyokagua mbao.

Neno moja kuhusu kuachia. Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili niliizuia gololi kwa ncha ya kidole, na kila nilipoinua kidole nikawa naipa msukumo mdogo bila kujua. Vipimo vya asubuhi nzima vilitawanyika hovyo, nikavitupa vyote. Tumia rula kama lango: isimamishe mbele ya gololi, kisha iondoe kwa kuivuta mbele, kuelekea chini ya mteremko, kwa mkupuo mmoja. Lango likikimbia mbele, gololi huachwa peke yake ianze kutoka kwenye utulivu kamili.

Hatua ya 4: Pima, rudia, soma namba

Anza na m 2.0. Pima mara tano. Kisha m 0.5, mara tano. Halafu m 1.0 na m 1.5. Usipange kutoka fupi kwenda ndefu, kwa sababu mkono huzidi kuzoea kadiri unavyoendelea, na mazoea hayo yanaweza kujifanya ni sheria ya maumbile.

Tuseme kwa m 2.0 umepata sekunde 4.82, 4.95, 4.78, 4.91 na 4.84. Jumla ni 24.30, gawanya kwa 5, wastani ni 4.86. Kwa m 0.5 umepata 2.41, 2.38, 2.52, 2.44 na 2.40, wastani ni 2.43.

Tulia hapo, uziangalie namba mbili. Umbali umeongezeka mara nne. Muda umeongezeka kutoka 2.43 hadi 4.86, yaani mara mbili tu. Si mara nne, wala tatu.

Zidisha kila wastani kwa wenyewe, kisha gawanya umbali kwa jibu. Kwa m 0.5: 2.43 × 2.43 ni karibu 5.90, na 0.5 ÷ 5.90 ni karibu 0.085. Kwa m 2.0: 4.86 × 4.86 ni karibu 23.6, na 2.0 ÷ 23.6 ni karibu 0.085. Namba ileile. Fanya hivyohivyo kwa m 1.0 na m 1.5, ukipata zinazokaribia hapo, umekuta kwamba umbali hukua kwa kipeo cha pili cha muda. Vipimo vyako havitalingana kwa usafi huu, na havipaswi. Vikitofautiana kwa sehemu chache za mia, kumbuka ile sekunde 0.2 uliyoiandika ukurasa wa kwanza. Vikitofautiana kwa nusu nzima, kagua lango na mpindo wa ubao.

Kipimo kimoja kikiwa mbali sana na vingine, je, ukiondoe? Ondoa ikiwa una sababu unayoweza kuiandika: “niligonga ubao”, “nilibonyeza mara mbili”. Kama sababu pekee ni kwamba kinaharibu wastani, kiache kikae.

Chora grafu. Ukiweka umbali kwenye mhimili wa wima na muda kwenye ule wa mlalo, utapata mstari unaopinda kwenda juu. Ukibadilisha mlalo uwe muda kwa kipeo cha pili, mstari unanyooka. Mstari ulionyooka kwenye grafu ni kitu cha kufurahia, maana jicho linaweza kuuhukumu kwa rula. Mpindo huwezi kuujua kwa kutazama tu ni wa aina gani.

Sasa tunahitaji maneno. Kasi ni umbali uliopitwa kugawanywa kwa muda. Gololi yetu imekwenda m 2.0 kwa sekunde 4.86, basi kasi yake ya wastani ni karibu m 0.41 kwa sekunde. Ukiongeza mwelekeo kwenye kasi, inaitwa velositi, nayo ni muhimu kwa sababu kitu kinachokata kona bila kupunguza kasi kimebadilisha velositi yake. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi hubadilika kila sekunde. Ile 0.085 yetu ni nusu ya mchapuko, kwa hiyo mchapuko ni karibu 0.17: kila sekunde inayopita, gololi inajiongezea kasi ya m 0.17 kwa sekunde. Kanuni kwa maneno: umbali ni nusu ya mchapuko mara muda mara muda, mradi kitu kimeanza kikiwa kimetulia. Ndiyo ile ya rula iliyoanguka, ila huko mchapuko ni 9.8.

Ukitaka kuisikia sheria hii kwa masikio, inua ubao hadi sm 10, kisha funga nyuzi nyembamba kabisa kukatiza mfereji kwenye sm 12.5, sm 50, sm 112.5 na sm 200. Mapengo kati yake ni sm 12.5, 37.5, 62.5 na 87.5, yaani yanafuatana kwa uwiano wa 1, 3, 5 na 7. Achia gololi kutoka sifuri, fumba macho. Utasikia tak… tak… tak… tak, kwa mpigo ulio sawa kama wa ngoma, ingawa nyuzi zenyewe zimezidi kuachana. Mtu aliyewahi kuusikia mpigo ule hahitaji kukariri kwamba mchapuko haubadiliki njiani.

Kisha rudisha ubao kwenye sm 5 na urudie vipimo vya m 2.0 kwa gololi kubwa. Andika dhanio kwanza. Gololi nzito na nyepesi, zote zikiwa za kioo kitupu kisicho na uwazi ndani, hufika karibu pamoja. Hapa watu wengi hurudia mara tatu nne kwa kutoamini, na wana haki ya kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Iache gololi iendelee kwenye tambarare

Tunarudi kwenye kitabu kilichosimama mezani. Laza mwisho wa mfereji uguse sakafu taratibu, bila kizingiti. Kabla hujaachia, bashiri: gololi iliyoanza kutoka utulivu na kuchapuka kwa kiasi kisichobadilika hufika mwisho ikiwa na kasi mara mbili ya wastani wake. Wastani ulikuwa 0.41, basi inatoka na karibu m 0.82 kwa sekunde. Kwenye sakafu laini itapita mita ya kwanza kwa sekunde 1.2 hivi. Pima. Ikizidi kidogo, sababu ni kona ya kuingilia na msuguano wa sakafu.

Sasa kazi yenyewe. Tandika zulia mwishoni mwa mteremko, achia gololi kutoka alama ileile, pima inafika wapi. Ondoa zulia, weka kitambaa kilichonyooshwa. Ondoa kitambaa, acha sakafu tupu. Kama una kioo kirefu, weka kioo. Kila mara gololi inaingia na kasi ileile, maana imeshuka kimo kilekile. Lakini inafika mbali zaidi kila uso unapozidi kuwa laini.

Jiulize nini kilichobadilika. Hukuongeza msukumo, ulipunguza kizuizi. Nyuma ya gololi hakuna mkono wowote, iwe kwenye zulia au kwenye kioo. Kama mwendo ungekufa wenyewe kwa kukosa msukumo, ungekufa umbali uleule popote. Haukufa uleule. Kwa hiyo kuna kitu kinachousimamisha, nacho ni msuguano, na zulia linao mwingi kuliko kioo. Peleka wazo hadi mwisho wake: uso usio na msuguano hata chembe. Gololi haina sababu ya kusimama. Itaendelea kwa mstari ulionyooka na kasi isiyobadilika.

Huko ndiko alikofika Galileo, na Isaac Newton akakuweka kuwa sheria yake ya kwanza ya mwendo mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa velositi ileile, isipokuwa kani kutoka nje ikibadilishe. Tabia hiyo ya kitu kung’ang’ania hali yake huitwa inesha. Kani ni msukumo au mvuto, basi. Nayo haiendelezi mwendo, inaubadilisha. Sentensi hiyo ndiyo nzito kuliko zote katika mwongozo huu. Mtu anaweza kukariri sheria zote tatu na bado akawaza kama Aristotle kila anapotazama mpira uliopigwa angani, akidhani mguu wa mpigaji bado unausukuma huko juu.

Hatua ya 6: Kigari na uzito unaoning’inia

Hatua hii huchukua muda, na ni bora kuipa siku yake. Tafuta kigari cha kuchezea chenye magurudumu yanayozunguka vizuri, uzi, kapi dogo la kufungwa ukingoni mwa meza, na vipande vya chuma vya gramu 50. Kitu chochote kinachofanana uzito kitafaa ukikipima kwanza. Funga uzi kwenye kigari, upitishe juu ya kapi, na uning’inize kipande cha chuma upande wa pili.

Kwanza ondoa hila ya msuguano. Kabla ya kuning’iniza chochote, inua kidogo nyuma ya njia ya kigari, kikumbe kwa kidole kimoja, tazama. Kikipunguza kasi, inua zaidi. Kikiongeza, shusha. Utafika mahali ambapo kigari kikikumbwa kinatambaa kwa mwendo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitazame vizuri kikiwa hivyo. Mvuto unakishusha, msuguano unakizuia, na viwili hivyo vimelingana kabisa. Jumla ya kani juu yake ni sifuri. Na bado kinakwenda. Sheria ya kwanza ipo mbele yako, juu ya meza.

Sasa panga jumla ya kigari na vyuma vyote iwe kilo 1. Ning’iniza gramu 50, vyuma vingine viwe juu ya kigari. Achia na pima muda wa mita 1. Kwa hesabu ni karibu sekunde 2.0. Halafu chukua gramu nyingine 50 kutoka kwenye kigari na uzihamishie kwenye uzi, ziwe gramu 100 zinazovuta. Muda utashuka hadi karibu sekunde 1.4. Tumia kanuni ya hatua ya 4 kutafuta mchapuko: mara ya kwanza ni karibu m 0.49 kwa sekunde kila sekunde, mara ya pili karibu 0.98. Kani mara mbili, mchapuko mara mbili.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza chuma kipya kwenye uzi bila kukitoa kwenye kigari. Ukifanya hivyo umebadilisha vigeu viwili: kani imeongezeka, na tungamo linaloburutwa, yaani kiasi cha maada, nalo limeongezeka, kwa sababu chuma kinachoning’inia kinachapuka pia. Ndiyo maana nimesema hamisha, si ongeza.

Kwa upande wa pili wa sheria, acha kani ileile ya gramu 100 na uongeze mzigo juu ya kigari hadi jumla iwe kilo 2. Mchapuko utapungua kwa nusu. Ukiyaunganisha majibu hayo unapata sheria ya pili ya Newton: kani ni tungamo mara mchapuko. Kipimo cha kani ni nyutoni, na nyutoni 1 ni kani inayolipa tungamo la kilo 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kila sekunde.

Tungamo na uzito vinachanganywa sana kwa sababu mizani ya kila siku huonyesha kilo kwa vyote viwili. Tungamo ni kiasi cha maada na cha ukaidi wa kitu dhidi ya kubadilishiwa mwendo. Hubaki lilelile popote. Uzito ni kani ambayo sayari inakivutia kitu hicho. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 ana uzito wa karibu nyutoni 590 duniani, na karibu nyutoni 97 tu mwezini. Mwezini atabebeka kirahisi, ila ukijaribu kumsimamisha ghafla akikimbia, ukaidi wake ni uleule wa kilo 60.

Hatua ya 7: Kani huja mbilimbili

Pitisha uzi ndani ya mrija, unyooshe uzi kutoka ukuta hadi ukuta, gundisha puto lililojazwa hewa kwenye mrija na uachie mdomo wake. Hewa inasukumwa nyuma, puto linasukumwa mbele, kwa kani zilizo sawa na zenye mielekeo kinyume. Hiyo ni sheria ya tatu. Swali linalowasumbua wengi ni kwamba kani zikiwa sawa na kinyume, mbona hazifutani? Hazifutani kwa sababu hazipo kwenye kitu kimoja. Moja ipo kwenye hewa, nyingine kwenye puto. Unapotembea, mguu unaisukuma ardhi nyuma na ardhi inakusukuma wewe mbele. Ndiyo maana kwenye sakafu yenye sabuni, ardhi isipokubali kusukumwa, nawe huendi.

Hatua ya 8: Angusha vitu

Shika sarafu mkono mmoja na karatasi iliyotandazwa mkono mwingine, achia pamoja. Sarafu inawahi. Sasa finyanga karatasi ileile iwe kidonge kigumu, rudia. Zinatua karibu pamoja. Tungamo la karatasi halikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni eneo linalokutana na hewa. Aliyedai kwamba karatasi ilichelewa kwa sababu ni nyepesi ameshajibiwa.

Mahali pasipo hewa hakuna haja ya kufinyanga. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama juu ya mwezi mbele ya kamera, nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono mwingine. Akaviachia pamoja, vikatua pamoja. Viliteremka polepole kuliko ambavyo vingeteremka duniani, kwa sababu mchapuko wa kuanguka mwezini ni karibu 1.6 badala ya 9.8.

Hatua ya 9: Andika ripoti ambayo mwingine anaweza kuikosoa

Ukurasa wa ripoti uwe na swali, dhanio lako la mwanzo hata kama lilishindwa, vifaa na jinsi ulivyovipanga, vipimo vyote bila kuficha, grafu, na hitimisho. Mtu asiyekujua aweze kuurudia uchunguzi wako bila kukuuliza kitu. Andika wastani kwa tarakimu ambazo mkono wako unazistahili: sekunde 4.9 inatosha, kikokotoo kikikupa 4.8600213, hizo nyingine si zako.

Hitimisho lisivuke mipaka ya vipimo. Ulipima gololi za kioo kwenye mteremko wa sm 5 na sm 10. Sema hivyo. Usiseme “vitu vyote vinavyobingirika huteremka kwa muda sawa”, kwa sababu kuna jaribio moja dogo litakalokuumbua: weka mpira wa tenisi ya mezani kwenye mfereji uleule na upime m 2.0 mara tano. Unachelewa. Hewa inachangia kidogo, lakini sababu kubwa ni kwamba uko mtupu ndani, tungamo lake lote limekaa kwenye ganda, na ganda ni gumu zaidi kuzungushwa kuliko gololi iliyojaa. Kwa hesabu, bila kuhesabu hewa, pale gololi inapotumia sekunde 4.9, mpira ule utatumia karibu 5.3, na tofauti hiyo ya 0.4 ni mara mbili ya kuchelewa kwa kidole chako.